Mstari Chini ya Meza

Mstari wenyewe ulikuwa mwekundu, upana wa kiganja, umepakwa juu ya mbao za sakafu kutoka mlango wa mbele hadi ukuta wa nyuma penye moto wa kuni. Huku jimbo la Nevada, kule jimbo la California. Upande wa Nevada mashine za kamari zilikuwa zikilia na kumeza sarafu za watu mchana kutwa; upande wa California, ambako kamari ni kosa, kulikuwa na piano na jiko la kupikia. Na katikati kabisa, juu ya mstari, mwenye hoteli aliweka meza moja ndogo ya watu wawili, miguu yake miwili huku na miwili kule. Watalii waliipigania ili wapigwe picha wakicheka.

Jumamosi ile ya Oktoba aliyeikalia alikuwa Verna Haskell, na hakuwa na kicheko chochote. Alikaa upande wa Nevada, koti lake halijavuliwa, akitazama kiti kitupu cha upande wa pili ambacho mumewe alikuwa hajafika kukikalia.

"Miguu yako ibaki huku," Mama Ottley alikuwa amemwonya tangu garini. "Mikono haina neno, mdomo hauna neno. Lakini miguu na makalio ni mali ya Nevada mpaka Jumatatu."

"Nimekuelewa, Mama."

"Sijui kama umenielewa. Jumatatu nitaweka mkono juu ya Biblia mbele ya jaji niape kwamba nimekuona kila siku ya Mungu ndani ya jimbo hili. Ukikanyaga kule leo, sitaapa."

"Hata kwa ajili yangu?"

"Nakupenda, mwanangu, lakini moto wa Jehanamu siupendi. Nimezika waume wawili na sijawahi kuapa uongo hata juu ya tabia zao."

Mama Ottley alikuwa na shamba la farasi nje ya mji wa Reno, na mapato yake hayakutoka kwa farasi. Yalitoka kwa wake za watu. Walikuja kutoka kila pembe ya Marekani, wakakaa wiki sita wapate kuitwa wakazi wa Nevada, jimbo la talaka za haraka, halafu mama mwenye nyumba akawatolea ushahidi na jaji akawakata kamba ya ndoa kabla chai haijapoa. Ila hata siku moja isipotimia, jina lafutwa katika orodha ya jaji na mtu anarudi kungoja zamu upya. Wengine walingoja mpaka theluji ikafunga barabara.

Verna alikuwa amebakiza siku mbili tu kumaliza muda wake bila doa. Alikuwa amejifunza kupanda farasi, alikuwa amejifunza kusalimia kama wanavyosalimia kule, "Umebakiza siku ngapi?" badala ya "Hujambo." Mezani wanawake walicheka kwa sauti kubwa, wakawasema waume zao mpaka kijiko cha mwisho cha supu. Kisha kila mmoja aliingia chumbani kwake akafungua redio, na redio zote zile zilikuwa zikiimba wimbo mmoja kwa wakati mmoja, kila moja peke yake nyuma ya mlango wake.

Kilichomtesa Verna hakikuwa kulala peke yake. Kilikuwa kusema kitu cha kuchekesha na kukosa wa kukidaka. Siku moja mezani alisema farasi aliyepewa ana uso wa mwanasheria wake, ila farasi husikiliza. Wenzake walicheka, wakaomba chumvi. Yeye akajikuta anageuza shingo kulia, kumtafuta mtu ambaye kwa miaka tisa alikuwa akikaa kulia kwake, na ambaye angepeleka mkono mfukoni kutafuta penseli ya kuandika alichosema. Alijichukia kwa kugeuka kule. Mtu anawezaje kumtamani mwizi wa maneno yake?

Mlango wa upande wa California ukafunguka, upepo wa ziwani ukaingia, na nyuma ya upepo akaingia Leland, mumewe.

Alikuwa amekonda. Tai ilikuwa imefungwa upande, maana miaka tisa aliyekuwa akiinyoosha ni Verna. Alisimama mlangoni akamwona, na macho yao yakakutana juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakila samaki. Verna aliyateremsha yake haraka. Moyo wake, mpumbavu asiyefundishika, ulikuwa tayari umeshapiga hatua kuelekea mlangoni.

Kule baa, upande wa Nevada, mtu mnene mwenye kofia pana aliweka gilasi yake chini akapapasa mfuko wa ndani wa koti. Huyu alikuwa Orrin, mpeleka wito wa mahakama. Leland alikuwa amekataa kata kata kuikubali talaka ile, na wanasheria wake wa California walijigamba kuwa wangeivunja. Lakini siku angekanyaga Nevada akakabidhiwa wito mkononi, basi. Asingekuwa na mahali pa kuipingia, na talaka ya Verna ingekuwa msumari uliozama kwenye mninga.

Leland alimwona Orrin, akamwinulia kofia kwa adabu, akavuta kiti chake nyuma kidogo kuhakikisha viatu viko California. Akaketi.

"Hujambo, Verna."

"Sijambo. Umekonda."

"Nakula mikate mikavu. Jiko limenisusa tangu uondoke."

"Jiko halijakususa, hujui linawashwaje."

Alitabasamu. Lile tabasamu lake la upande mmoja, lililokuwa limemnasa Verna dansini miaka ile na bado halikuwa limechakaa. Mhudumu alikuja na samaki wa ziwani na viazi vya kuponda, akamwekea bibi upande huu, akazunguka akamwekea bwana upande ule. Amevuka mstari mara mbili bila kuuangalia, Verna akawaza, na akamwonea wivu mhudumu.

"Basi sema," alisema. "Ulinipigia simu shambani mpaka Mama Ottley akafikiri kuna msiba. Nimekuja. Sema."

"Nilitaka kukuona."

"Umeniona."

"Verna, usiwe hivyo."

"Niweje? Kwenye karatasi za jaji nimeandika kwamba ulikuwa katili wa moyo. Mwanasheria anasema Reno nzima huandika hivyo hivyo, anazo zimeshapigwa chapa, anajaza jina tu. Niambie niweje, Leland, wakati hata sababu yangu ya kuachana nimeazimwa."

Leland akacheka. Hakuweza kujizuia. Kicheko kilimtoka, na vidole vya mkono wake wa kulia vikatikisika juu ya kitambaa cha meza kama vya mtu anayeandika. Verna aliviona. Akahisi kitu kikipata moto kifuani mwake, kwa furaha, kisha kitu hicho hicho kikageuka kuwa baridi.

"Wanaandaa picha mpya ya sinema kule studio," Leland alisema bila kumtazama. "Ya kuchekesha. Mume na mke wanaachana, wanagawana nyumba. Mke anachukua ghorofa ya juu, mume ya chini, wanagombania ngazi."

"Umeiandika wewe."

"Karibu yote."

"Na yule mke anasema nini?"

Leland aligeuza samaki wake kwa uma.

"Nakuuliza, anasema nini? Anasema kwamba mumewe akiota ndoto huamka kuirekebisha? Anasema kwamba kuolewa naye ni kama kukaa na mgeni aliyekuja kuchukua vipimo vya nyumba?"

"La pili halimo," Leland alisema taratibu. "La pili silijui. Hilo ni jipya."

"Basi usilichukue!"

Meza ya jirani iligeuka. Mama Ottley, aliyekuwa amesimama mbele ya mashine ya kamari na kikombe cha sarafu, hakugeuka, lakini aliacha kuvuta mkono wa mashine ili asikie vizuri.

"Sina mwisho, Verna," Leland alisema. "Kila kitu ninacho, isipokuwa mwisho. Nimeandika miisho kumi na zaidi, yote ya uongo. Naingia jikoni nikusomee, nakuta jikoni hakuna mtu. Jana nilimsomea paka wa jirani."

"Paka alisemaje?"

"Alitoka."

Ilibidi Verna aume mdomo asicheke. Alikuwa amesahau kwamba hivi ndivyo ilivyokuwa, mmoja anarusha na mwingine anadaka, mpaka chakula kinapoa na hakuna aliyejali. Machozi yakamkaribia, akayameza pamoja na kipande cha samaki.

"Nataka unijibu jambo moja," alisema. "Ukijibu kwa hila, nanyanyuka. Umekuja kunitafuta mimi, au umekuja kutafuta mwisho wa picha?"

"Wewe."

"Upesi mno."

"Wewe na... Verna, sijui kuvitenganisha. Huo ndio ukweli. Nikikufikiria wewe, nasikia unavyosema. Nikisikia unavyosema, nataka kuandika. Mtu mwingine angesema hayo ni mapenzi."

"Mtu mwingine hakukaa pale nilipokaa mimi." Aliweka uma chini. Hakuwa amekusudia kulisema. Alikuwa amelibeba tangu masika bila kulitoa kwa mtu, si kwa mwanasheria, si kwa Mama Ottley, na sasa lilikuja lenyewe. "Unakumbuka mazishi ya mama?"

"Nakumbuka."

"Kwetu Iowa, tope mpaka magotini. Mama mkubwa Hester akainama juu ya jeneza la mdogo wake, akasema, 'Umeondoka, Dora, na sufuria yangu ya jamu hujanirudishia.' Halafu akaanguka chini akalia mpaka wanaume wawili wakambeba. Mimi nilikuwa nimemshika mkono. Wewe ulikuwa nyuma yangu. Nilidhani umeinama kulia."

Leland alikuwa ameacha kula.

"Nikaja kukaa kwenye sinema, Leland. Peke yangu, mchana, wewe ulikuwa kazini. Nikamwona yule mchekeshaji mnene amevaa gauni la bibi kizee, anainama juu ya jeneza, anasema maneno ya mama mkubwa. Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko. Mtu wa nyuma yangu alikuwa anapiga kiti kwa miguu. Nilikaa katikati ya watu elfu wanaomcheka mama yangu amekufa, na sikuwa na wa kumshika mkono, maana aliyewachekesha ndiye mume wangu." Sauti yake haikupanda. "Nilirudi nyumbani nikakupikia. Uliniuliza kama nina mafua. Kwa hiyo usiniambie habari za ukimya wa jikoni. Upweke mimi niliuanza kabla yako, na wewe ulikuwa humo humo ndani."

Mkono wa kulia wa Leland, polepole, kama mkono wa mtu aliyelala, ukapanda kifuani, ukaingia mfuko wa ndani wa koti.

Verna aliutazama mkono ule ukienda.

"Toa," alisema.

"Verna..."

"Toa tuone."

Alitoa penseli. Fupi, imetafunwa kichwani. Aliitazama kiganjani mwake kwa mshangao wa kweli, hajui imefikaje pale. Aliiweka mezani.

Verna akanyanyuka. Aliupanga uma na kisu vizuri sahanini, alivyofunzwa na mama yake, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja. "Mwisho wako huu hapa," alisema. "Mke anaondoka. Waambie wautie muziki." Akageuka akashika njia ya mlangoni, akitembea katikati ya mashine zinazolia, na machozi yakimzuia kuona anakokwenda.

"Verna! Ngoja! Verna!"

Kiti kilianguka. Watu walipiga ukelele. Verna aligeuka, akamwona Leland anakuja mbio, leso ya chakula bado imening'inia shingoni, amegonga mkokoteni wa vitindamlo na pai ya tufaha iko sakafuni nyuma yake. Uso wake ulikuwa wazi. Miaka tisa Verna alikuwa ameujua uso ule ukifanya mambo mawili, kuishi na huku ukijitazama unavyoishi. Sasa ulikuwa unafanya moja. Alikuwa ameshapita mstari hatua saba nane na hakuwa anajua.

Orrin alijua. Alitoka baa mwepesi kuliko mwili wake, akamkinga njia, akamtia karatasi mkononi.

"Bwana Leland Haskell?"

"Ndiyo, nipishe."

"Umepokea wito wa mahakama ya Nevada, bwana. Ndani ya Nevada. Watu wote hawa mashahidi."

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Mtu alipiga makofi. Wanawake wa baa walipiga vijiko kwenye gilasi, na mpiga piano wa upande wa California, fisadi yule, akapiga muziki wa harusi kinyumenyume. Leland alitazama karatasi, akatazama miguu yake, akautazama mstari mwekundu nyuma yake. Leso ilikuwa bado shingoni.

Orrin hakuwa mtu mbaya. Aliona haya kidogo, akampigapiga begani. "Usinichukie, bwana, ni kazi. Nami nakujua. Picha yako ile ya mazishi, yule bibi na sufuria yake! Mke wangu alicheka mpaka akatokwa machozi. Tulikwenda mara mbili."

Verna, mkono juu ya kitasa cha mlango, alifumba macho. Alilijua litakalofuata. Leland angeinamisha kichwa kidogo, ashukuru, ajibu kwa kachekesho kafupi, hakuwahi kukosa.

"Yalikuwa mazishi ya mama mkwe wangu," Leland alisema.

Orrin alitabasamu, akingoja sehemu ya kuchekesha.

"Jina lake Dora Pruitt. Yule bibi ni dada yake. Alikuwa analia, bwana. Tulikuwa tunazika mtu, na mimi niliandika." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini makofi yalikuwa yamekwisha na ilisikika hadi jikoni. "Mwambie mkeo anisamehe."

Orrin alivua kofia. Hakujua aishike kwa mkono upi. Leland aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akarudi pole pole mezani kupitia pai iliyomwagika. Akakiinua kiti chake upande wa California, akakikalia, mgongo kwa watu wote. Hakumwangalia Verna. Labda alidhani ameshaondoka.

Verna alipotoka nje, upepo wa ziwa ulikuwa unatikisa misonobari. Mama Ottley alikuwa ameshawasha gari, sarafu zote za kikombe zimeliwa, uso wake una furaha ya mtu aliyeshinda.

"Panda, mwanangu, panda! Nimeona kwa macho yangu. Sasa hata malaika hawezi kuivunja talaka yako. Jumatatu saa nne uko huru, saa tano uko darajani unatupa pete ya ndoa mtoni na wenzako, saa sita uko kwenye treni."

"Treni ya wapi, Mama?"

"Ya kwenu."

Verna alisimama na mlango wa gari wazi. Alijaribu kupaona kwao. Aliona kitanda, aliona redio, aliona meza yenye kiti kimoja, na yeye amekaa hapo akisema kitu cha kuchekesha kwa ukuta. Hilo angeliweza, alishaliweza wiki zote zile. Lililomzidi nguvu ni mgongo ule wa koti la kijivu aliouacha ndani, wa mtu aliyesema kweli mbele ya ukumbi mzima na hakupata hata mmoja wa kukaa naye baada ya kuisema.

"Mama Ottley."

"Sema upesi, baridi inaingia."

"Jumatatu utaapa ulichokiona tu?"

"Hicho hicho, si zaidi wala si pungufu."

"Basi niangalie vizuri," Verna alisema, na akaufunga mlango wa gari.

"Verna! Wewe mtoto! Zamu nyingine ni baada ya Krismasi! Verna!"

Aliingia. Watu walinyamaza walipomwona, mashine moja tu ikabaki inalia. Alipita kati yao mpaka kwenye mstari, na hapo miguu ikawa mizito, kwa sababu haikuwa imesamehe, na alijua haikuwa imesamehe. Akavuka. Nyuma yake, dirishani, uso wa Mama Ottley uliona kila kitu na ukatikisa kichwa.

Alivuta kiti kutoka meza ya jirani, akakiweka kando ya Leland, akakaa. Leland aligeuka, akatazama viatu vyake vilipo, akashtuka.

"Umevuka. Verna, na Jumatatu?"

"Jumatatu sina kesi. Sijarudi kwako, Leland, usidanganyike. Nimevuka tu."

"Sawa."

Samaki alikuwa ameganda mafuta. Leland alikuwa ameiweka mikono yote miwili juu ya meza, mitupu, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama yako," alisema mwishowe, akikwaruza kila neno, "alikuwa mtu wa namna gani? Miaka yote ile nilimsikiliza dada yake. Yeye sikuwahi kumwuliza chochote."

Verna alitafuta kitu cha kuchekesha cha kujibu, akakikosa.

"Alikuwa anaamka kabla ya kuku," alisema. "Anawasha moto, halafu anakaa tu mbele yake, peke yake, hafanyi kazi. Nilikuwa namchungulia mlangoni. Sijui alikuwa anawaza nini. Sikuwahi..."

Leland hakummalizia sentensi. Alingoja, na penseli hakuigusa.